Kabla ya kupanda mlima mtakatifu, kagua nyayo zako

HUKO Hagadera hakuna mlima. Ukisimama katikati ya soko lake, mwendo mfupi kwa gari kutoka mji wa Dadaab, utaona mchanga mwekundu, miti ya miiba, korongo wanaochakura taka na ardhi tambarare inayoendelea hadi macho yachoke. Mtu anaweza kuwa ameishi huko tangu kambi hiyo ya wakimbizi ilipofunguliwa mnamo 1992 na asipande hata ngazi za gorofa moja.

Kwa hivyo usishangae, msomaji, tukianzia makala haya huko tambarare ilhali habari yenyewe ni ya mlima. Tunamzungumzia mzee mmoja, Mkenya mwenye umri wa miaka 58 na mwenye duka la vitambaa katika soko la Hagadera. Safari moja ya kupanda mlima ilimgharimu kidole cha mguu, na nusura imgharimu mguu mzima. Aliomba jina lake lisitajwe, lakini akasisitiza kisa chake kiandikwe.

"Andika," akasema. "Labda yuko mwingine anayejiona mzima kama nilivyojiona mimi."

Yawezekana mwingine huyo ni wewe. Labda mwaka huu unajiandaa kwenda hija, au umealikwa na wenzako wa kazini kupanda Longonot, au unampeleka mgonjwa nje ya nchi na unapanga kutembea kidogo akishapata nafuu. Ikiwa una maradhi ya kisukari au shinikizo la damu, au umri umeanza kusonga, soma hadi mwisho.

<b>NGAZI 3,750</b>

Mlima tunaouzungumzia unaitwa Shatrunjaya. Uko Palitana, mji mdogo katika jimbo la Gujarat, magharibi mwa India, kiasi cha kilomita 50 kutoka Bhavnagar. Kilele chake kiko karibu mita 600 juu ya usawa wa bahari. Huo si urefu wa kumkosesha mtu hewa. Nairobi iko juu zaidi ya hapo maradufu. Taabu yake ni ngazi. Kutoka chini hadi juu kuna vidato vya mawe vipatavyo 3,750, katika njia ya takriban kilomita tatu na nusu.

Ili upate picha, chukua jengo la gorofa kumi lenye vidato 200. Lipande hadi juu mara 18, kisha ongeza gorofa saba au nane. Mtu mwenye nguvu huchukua saa moja na nusu hadi mbili kufika kileleni.

Kwa waumini wa dini ya Kijaini, mlima huo ni miongoni mwa mahali patakatifu kuliko pote duniani. Huko juu kuna mahekalu zaidi ya 800, makubwa kwa madogo, ya mawe na marumaru yaliyochongwa kwa ustadi mkubwa. Kuu ni hekalu la Adinath, anayehesabiwa na Wajaini kuwa wa kwanza kati ya walimu wao wakuu 24. Mahekalu ya kwanza yalijengwa katika karne ya 11. Mengi yaliharibiwa katika uvamizi wa mwanzoni mwa karne ya 14, na mengi ya yale yanayoonekana leo yamejengwa tangu karne ya 16.

Usidhani mambo haya ni ya mbali. Wajaini ni majirani zetu. Jamii ya Oshwal, ambayo wazee wake walitoka vijiji vya karibu na Jamnagar huko huko Gujarat, imekuwa Kenya kwa zaidi ya miaka 100. Ukipita Parklands jijini Nairobi utaona kituo chao, na ukienda Mombasa utaona hekalu lao jeupe karibu na Mji wa Kale. Wengi wao huenda Palitana angalau mara moja maishani.

Mlima huo una masharti yake. Chakula hakiliwi huko juu. Mahujaji hunywa maji tu, na hupewa kitu cha kutia tumboni wakishateremka. Hakuna anayeruhusiwa kulala kileleni, hata makuhani wenyewe. Vitu vya ngozi haviingizwi. Wengi hupanda peku kwa heshima, ingawa asiyeweza huvaa viatu vya nguo au raba hadi karibu na malango ya mahekalu. Na katika miezi minne ya mvua watu hawapandi kabisa, kwa sababu wakati huo wadudu na viumbe wadogo hutoka kwa wingi na Mjaini hataki kuwakanyaga. Kutodhuru chochote chenye uhai ndio msingi wa dini yao.

<b>HAYA YALIYOMPONZA</b>

Mzee wetu ni Mwislamu na hakwenda huko kuabudu. Alikuwa amempeleka ndugu yake Ahmedabad kufanyiwa upasuaji wa moyo, kama wafanyavyo Wakenya wengi siku hizi. Upasuaji ulifaulu. Wakati huo huo, mfanyabiashara wa jumla anayemuuzia vitambaa jijini Nairobi, Mjaini ambaye wamejuana kwa zaidi ya miaka 20, alikuwa Gujarat kwa ziara ya dini. Akampigia simu: "Haji, ndugu yako amepona. Twende nikuonyeshe mlima wetu."

Mzee alikubali. Ndugu yake alikuwa na mtoto wake wa kumwangalia, na yeye alikuwa amekaa wodini wiki mbili akitamani kunyoosha miguu.

Ilikuwa mwezi Machi, wakati joto la Gujarat linapoanza kupanda. Waliamka saa kumi alfajiri ili wapande kabla ya jua kali. Mzee alikuwa na kisukari kwa mwaka wa tisa. Alimeza tembe zake kama kawaida, glibenklamaidi na metformini, akashushia kwa maji. Lakini hakula chochote. Rafiki yake alikuwa amefunga siku hiyo, na mzee akaona haya kuagiza kiamsha kinywa mbele ya mwenyeji aliyefunga.

Viatu vyake vilikuwa makubadhi ya ngozi. Akayaacha hotelini akapanda peku, kama rafiki yake.

Kidato cha mia tano alikuwa bado anacheka. Kidato cha elfu moja alianza kutoka jasho jingi, mikono ikamtetemeka, akahisi njaa ya ghafla. Akajiambia ni uzee. Walipokaribia nusu ya njia akaanza kusema maneno yasiyoeleweka, akimuuliza rafiki yake kama duka limefungwa na nani amebaki na ufunguo. Kisha akakaa chini katikati ya njia.

Rafiki yake alidhani ni uchovu na akataka kumwitia wachukuzi. Kule wapo wanaume wanaobeba wasiojiweza kwa kiti kinachoning'inizwa kwenye mti na kupachikwa mabegani. Kiti hicho huitwa doli, lakini si mwanasesere unayemjua wewe. Aliyegundua ukweli alikuwa mwanamke mzee aliyekuwa akipanda nyuma yao kwa mkongojo. Yeye mwenyewe alikuwa na kisukari, na ndani ya mkoba wake alikuwa na pakiti ya unga wa glukosi. Alimtazama mara moja tu, akakoroga unga ule katika chupa ya maji.

Mzee wetu, hata akiwa katika hali ile, alikataa. Alikuwa ameambiwa kwamba mlimani hakuliwi kitu. Rafiki yake akamshika shingo kwa upole kama mtoto anayenyweshwa dawa. "Haji, kunywa," akamwambia. "Huu mlima haujawahi kumtaka mtu afe."

Dakika 15 baadaye akili ilikuwa imemrudia.

<b>SUKARI INAPOSHUKA</b>

Tusimame hapo kidogo, msomaji, kwa sababu jambo hilo hutokea hata kwa mtu ambaye hajaondoka nyumbani kwake.

Watu wengi wanapotaja kisukari hufikiria sukari kuwa nyingi tu. Lakini anayetumia insulini, au tembe za aina ya glibenklamaidi zinazolazimisha kongosho kutoa insulini, anaweza pia kushukiwa na sukari hadi kiwango cha hatari. Dawa hufanya kazi yake iwe umekula au hukula. Ukimeza dawa, ukaacha chakula, kisha ukafanya kazi nzito ya misuli, sukari iliyo katika damu inatumika na hakuna nyingine inayoingia. Metformini peke yake ni nadra kuleta hali hiyo.

Dalili ni jasho lisilo na sababu, kutetemeka, moyo kwenda mbio, njaa ya ghafla, kizunguzungu, hasira au maneno ya ovyo. Mara nyingi watu humdhania mgonjwa kuwa amelewa. Akiachwa anaweza kupoteza fahamu, akapata kifafa na hata kufa.

Ukiwa na kipimo cha sukari, jipime. Ikiwa chini ya 4, hapo hakuna kungoja. Usipokuwa nacho, usipoteze muda kukitafuta. Chukua vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari au glukosi ndani ya maji, au nusu gilasi ya soda ya kawaida, si ile isiyo na sukari. Ngoja dakika 15. Usipopata nafuu, rudia. Ukishapata nafuu kula chakula cha kawaida, mkate au ndizi, ili sukari isishuke tena. Na mgonjwa akiwa amepoteza fahamu, usimtilie chochote mdomoni, kwani atapaliwa. Mlaze ubavu na umkimbize hospitalini.

Kosa la pili la mzee ni kwamba baada ya kupata nafuu aliendelea kupanda. Glibenklamaidi hukaa mwilini kwa saa nyingi, na sukari ingeweza kushuka tena wakati wowote. Alipaswa kuteremka na kula. "Niliona aibu kurudi kutoka katikati," anasema. Hiyo ilikuwa mara ya pili kwa haya kumponza siku ile.

<b>VITANDA VIDOGO KILELENI</b>

Basi alifika juu, polepole, akipumzika kila baada ya vidato hamsini. Anasema hajawahi kuona kitu kama hicho: minara na mapaa ya mawe mbele, nyuma, kushoto na kulia, kama mji mzima uliojengwa kwa ajili ya kunyamaza.

Kilichomshangaza zaidi kilikuwa kaburi la Mwislamu. Huko huko mlimani, kati ya mahekalu ya Wajaini, kuna ziara ya mtu anayejulikana kama Angar Pir. Masimulizi ya wenyeji humtaja kuwa mlinzi wa mahekalu hayo. Wanawake wasiopata watoto, wa dini mbalimbali, huenda kuomba hapo na huacha vitanda vidogo vya kubembelezea watoto vilivyotengenezwa kama vya kuchezea.

Mzee alisimama hapo muda mrefu. Binti yake wa pili alikuwa ameolewa miaka sita bila kupata mtoto, na wakwe walikuwa wameanza kusema.

Kwa kuwa ukurasa huu ni wa afya, tuseme neno moja juu ya vitanda hivyo. Shirika la Afya Duniani lilieleza mnamo 2023 kwamba takriban mtu mmoja kati ya sita duniani hukumbwa na tatizo la kukosa uzazi wakati fulani maishani. Na katika karibu nusu ya ndoa zenye tatizo hilo, sababu au sehemu ya sababu hutoka kwa mwanamume. Hata hivyo, mkoani kwetu na kwingineko, anayepelekwa kwa waganga ni mke, anayeombewa ni mke na anayepewa talaka ni mke. Ikiwa mmeishi pamoja mwaka mzima bila kuzuia mimba na hamjapata, nendeni hospitalini wote wawili. Kupima mbegu za mwanamume ni rahisi kuliko vipimo vingi vya mwanamke, na ni busara vifanywe mapema. Dua haizuii kipimo.

<b>JIWE LA MOTO</b>

Waliteremka saa sita na zaidi. Jua lilikuwa limesimama utosini na vidato vya mawe vilikuwa vimeiva. Rafiki yake, ambaye amezoea kwenda peku, alikuwa akirukaruka kandokando akitafuta kivuli, huku akilalamika. Mzee alitembea katikati ya njia bila wasiwasi.

"Nilimcheka," anakumbuka. "Nikamwambia, nyinyi watu wa Nairobi mmekuwa laini. Sisi wa Hagadera tumekulia kwenye mchanga wa moto."

Usiku ule hotelini aliona alama za maji na damu kwenye shuka. Alipogeuza nyayo, alikuta malengelenge makubwa chini ya vidole vya mguu wa kulia, mengine yamepasuka. Hayakumuuma hata kidogo, na kwa kuwa hayakumuuma aliyapuuza.

Hapo ndipo penye kiini cha makala haya. Mguu ule haukuwa umekomaa kwa mchanga wa Hagadera. Ulikuwa umekufa ganzi. Sukari ikiwa nyingi katika damu kwa miaka mingi huharibu neva, na zinazoanza kuharibika ni zile ndefu kuliko zote, yaani zinazofika miguuni. Mwanzoni mtu huhisi kama sindano au siafu, au moto usiku anapolala. Baadaye hata hizo huondoka, na mgonjwa hufurahi akidhani amepona. Kumbe mlinzi wa mlango amelala.

Maumivu, msomaji, ni zawadi. Yule Mjaini aliyekuwa akirukaruka ndiye aliyekuwa mzima.

Isitoshe, kisukari huziba polepole mishipa ya damu ya miguuni, na hupunguza uwezo wa mwili kupambana na viini. Kwa hivyo kidonda hakihisiwi, hakipati damu ya kutosha ya kukiponya, na viini hustawi ndani yake. Mambo hayo matatu yakikutana, kidonda kidogo kama shilingi kinaweza kumaliza mguu.

Mzee alirudi Hagadera na ndugu yake aliyepona. Watu walikuja kumpongeza na kunywa chai ya maziwa yenye sukari nyingi, kama ilivyo desturi. Alificha mguu ndani ya soksi. Alitia majivu, kisha unga wa tembe aliozisaga mwenyewe. Wiki ya tatu mjukuu wake aliuliza dukani, mbele ya wateja, ni nini kinachonuka. Siku ya pili alikuwa njiani kwenda Garissa, homa imempanda. Madaktari walikata kidole kimoja kilichokuwa kimeoza na wakafaulu kuuokoa mguu. Walimwambia kwamba wiki moja zaidi ingekuwa habari nyingine.

<b>JIPIME LEO USIKU</b>

Una kisukari? Kuna jambo unaloweza kufanya nyumbani leo bila kulipa hata senti. Vua soksi, lala chali, ufumbe macho. Mwambie mkeo, mumeo au mtoto akuguse kwa ncha ya kidole chake, polepole, kwa sekunde moja au mbili, bila kubonyeza wala kusugua. Akuguse kwenye ncha ya kidole gumba cha mguu, cha kati na cha mwisho, mguu mmoja kisha mwingine. Jumla ni vidole sita. Kila unapohisi, sema ni mguu upi. Ukikosa kuhisi viwili au zaidi, miguu yako iko katika hatari. Usingoje kidonda, nenda kliniki ukapimwe vizuri.

Baada ya hapo, fuata mambo haya kila siku:

- Kagua nyayo na katikati ya vidole kila jioni. Usipoweza kuinama, weka kioo sakafuni au mwombe mtu akuangalilie.
- Osha miguu kwa maji ya vuguvugu, ukipima joto kwa kiwiko, kisha ukaushe vizuri kati ya vidole. Kwa wanaotawadha mara tano kwa siku, kukausha huko ni muhimu zaidi.
- Usitembee peku, hata ndani ya nyumba. Kabla ya kuvaa kiatu, tia mkono ndani uone kama kuna kijiwe au msumari.
- Usikate sugu kwa wembe wala kutia dawa za kuchoma.
- Kidonda, lengelenge au mabadiliko ya rangi: nenda hospitalini siku hiyo hiyo, hata kama hakiumi. Hasa kama hakiumi.

<b>UKITAKA KUPANDA</b>

Hatusemi usipande. Kupanda ngazi ni miongoni mwa mazoezi bora kwa moyo na kwa sukari yenyewe. Tunasema ujiandae.

Anza wiki sita kabla. Tembea nusu saa kwa siku, siku tano kwa wiki, na uongeze ngazi kidogo kidogo. Wakazi wa Nairobi na Mombasa, acheni lifti. Ikiwa huwezi kupanda gorofa mbili mfululizo bila kusimama kuhema, au unabanwa na kifua, muone daktari kwanza. Maumivu ya kifua yanayokuja ukipanda na kuondoka ukipumzika ni moyo unaoomba msaada.

Pima shinikizo la damu na sukari, pamoja na kipimo kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi mitatu iliyopita. Muulize daktari kama dawa zako zipunguzwe siku ya kupanda. Usizipunguze wewe mwenyewe, wala usizimeze na kukaa na njaa.

Panda alfajiri, teremka kabla ya saa nne. Kunywa maji kidogo kidogo hata kabla ya kiu. Mwenye ugonjwa wa moyo au figo aulize kwanza kiasi chake. Mwenzako akichanganyikiwa huku mwili wake ukiwa wa moto sana, hiyo ni dharura: mtie kivulini, mmwagie maji, mpepee, na utafute msaada wa daktari.

Magoti huumia zaidi wakati wa kuteremka kuliko kupanda. Tumia mkongojo, chukua hatua fupi, usikimbie. Na ukiona huwezi, lipia wabebaji. Hakuna aibu kubebwa.

<b>KUFUNGA NA KISUKARI</b>

Wapo Wajaini wanaofunga siku mbili mfululizo bila chakula wala maji na kupanda mlima huo mara saba katika muda huo. Wengine huupanda mara 99 kwa wiki kadhaa. Hao hujiandaa kwa muda mrefu, na si jambo la kuigwa na mgeni, seuze mgonjwa.

Lakini kufunga si kugeni kwetu. Kila Ramadhani, huko Garissa, Eastleigh na pwani, wagonjwa wa kisukari hufunga, wengi bila kumwambia daktari. Mwambie wiki sita hadi nane kabla ya mwezi kuandama ili apange upya dawa na saa zake. Jipime sukari mchana. Kutoboa kidole hakufunguzi. Ikishuka chini ya 3.9 au kupanda juu ya 16.6, fungua. Dini imempa mgonjwa ruhusa, na kuikataa ruhusa hiyo kwa sababu ya macho ya watu ndiko kule kuona haya kulikomponza mzee wetu.

<b>MGUU WA JAIPUR</b>

Kwa wale ambao wamekwisha kupoteza mguu, India ina habari nyingine njema. Mnamo 1968, katika mji wa Jaipur, fundi mmoja wa sanaa za mikono, Ram Chandra Sharma, akishirikiana na daktari wa mifupa, P. K. Sethi, alitengeneza mguu wa bandia wa raba unaomwezesha mtu kuchuchumaa, kukaa chini na kutembea peku shambani. Miguu iliyotoka Ulaya ilitaka kiatu na kiti. Mnamo 1975 D. R. Mehta alianzisha chama kinachotoa miguu hiyo bila malipo, na kikapewa jina la Mahavira, mwalimu wa 24 wa Wajaini. Tangu hapo mguu wa Jaipur umevaliwa katika nchi nyingi, zikiwemo za Afrika.

Ni kazi njema sana. Hata hivyo, aliyeufanya atakuwa wa kwanza kukwambia kwamba mguu bora ni ule uliozaliwa nao.

Mzee wetu yuko dukani kwake Hagadera. Anavaa viatu vya raba vilivyofunikwa mbele, hata sakafuni kwake. Nyuma ya vitambaa ameweka kioo kidogo, na kila jioni kabla ya kufunga hukilaza chini na kukagua nyayo. Mteja akimwambia ana kisukari, hamwachi aondoke kabla hajamfundisha kuguswa vidole sita. Binti yake na mume wake wamekwenda hospitalini pamoja. Mengine ni yao.

Na kutoka Nairobi, rafiki yake humpigia simu kila Ijumaa. Zamani walianza na bei ya vitambaa. Siku hizi salamu ya kwanza ni moja tu: "Haji, miguu?"

Nawe, msomaji, ukimaliza kusoma ukurasa huu, vua soksi.